Mbuzi ya Mama Ilivyovuka Busia

Mara ya kwanza nilipotafuta mzigo wangu Tororo, nilipewa chumba.

Nilikuwa mgeni kabisa. Shule moja ya sekondari ilikuwa imeniajiri kufundisha Kiswahili, nami nikatoka Kilifi na begi moja na kiburi cha kutosha kujaza mabegi mengine. Mama yangu alinitumia gunia dogo kwa basi: shuka, pilipili manga, iliki, na sabuni, maana aliamini Uganda hakuna sabuni. Dereva wa mwisho aliyelipokea alinipigia simu akasema ameliacha kwenye duka karibu na stendi ya taksi. Maduka karibu na stendi ni mengi. Nikaanza kuuliza, kwa Kiswahili cha kwetu nilichokivaa siku hizo kama nguo ya sikukuu.

"Samahani, mama. Natafuta mzigo wangu."

Mwanamke niliyemuuliza alikuwa akianika wimbi mbele ya duka lake. Akasimama, akajifuta mikono, uso wote umechangamka.

"Muzigo? Iko. Kuja."

Akanizungusha nyuma ya duka hadi kwenye safu ya milango iliyofanana, akafungua kufuli moja. Ndani hamkuwa na kitu ila sakafu na dirisha.

"Pawa iko," akasema, akimaanisha umeme. "Choo iko hapo nje, lakini ni safi."

"Mama, mzigo wangu ni wa gunia."

"Wa gunia?" Alikasirika waziwazi. Akaugonga ukuta kwa kiganja. "Hii si ya gunia, madam. Hii ni ya matofali!"

Ndipo nilipojifunza neno langu la kwanza la Uganda, na likawa neno nililodhani nimelijua tangu kuzaliwa. Huku muzigo ni chumba kimoja cha kupanga. Gunia langu lilikuwa limelala kwenye stoo ya mwanamke huyohuyo, akilitunza bila kujua ni la nani. Na kwa kuwa nilikuwa nikilala kwenye kitanda cha kuazima katika chumba cha wagonjwa pale shuleni, nilichukua vyote viwili, gunia na chumba. Nilitafuta mzigo nikapata muzigo, na mzigo ukiwa ndani yake.

Jioni nilimsimulia mama kwa simu. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanyamaza, na mama yangu akinyamaza kwenye simu ujue anakuja na neno.

"Kwa hiyo mwanangu anakaa ndani ya mzigo."

"Ndivyo wanavyoita huku, mama."

"Mzigo haukaliwi. Mzigo hutuliwa. Siku utakapoutua, nambie."

Nilijua anazungumzia mbuzi.

Nieleze, maana hata katika Kenya yenyewe kuna wasioijua. Kwetu pwani mbuzi ni wawili. Kuna mbuzi anayelia mee, na kuna mbuzi ya kukunia nazi: kigoda cha mbao cha kukunja, chenye ulimi wa chuma uliochongwa meno. Unakikalia, unakishika kifuu kwa mikono miwili, unakuna, na nazi inadondoka kwenye bakuli mbele yako. Mbuzi ya mama ilikuwa ya bibi yangu kwanza. Mbao yake imelika katikati kwa kukaliwa na wanawake wawili, ikang'aa, ikawa na umbo lao. Katika nyumba yetu mbuzi hiyo haiombwi wala haifuatwi. Binti akishapata kwake, mama yake humpelekea au humtumia. Dada yangu aliolewa, akanunuliwa mpya sokoni, kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba na ile ya zamani ilikuwa yangu.

Ila sikuwa na kwangu. Sikuolewa, nikavuka mpaka, nikaenda kukaa ndani ya mzigo. Mama alikuwa na methali yake aliyoipenda, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akinirushia kila tulipoagana. Nami nikimjibu kwamba Tororo hakuna ngama, kuna mwamba tu juu ya mji, na mwamba hautikisiki. Hakuipenda hiyo. Nami sikuwa nimeitunga ili aipende.

Miaka ikaenda, na mizigo ikaendelea kuja, maana mama aliniadhibu kwa kuninyima mbuzi, si kwa kuninyima chakula. Anwani ilikuwa shida. Nyumba za mtaani kwangu hazina namba, na sanduku la posta la shule lilikuwa la wote, yaani si la mtu. Mabasi ya kutoka kwetu yalishusha vifurushi Busia, upande wa Kenya, na mtu mgeni akiandika "Busia" tu kwenye kifurushi hajasema kitu, kwa kuwa Busia ziko mbili, moja kila upande wa lango, na kila moja inadhani ndiyo yenyewe.

Sanduku langu la posta likawa mama mmoja Msamia aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, upande wa Kenya na kuvuka kila siku kwenda kuwauzia Waganda, wanaowaita samaki haohao mukene. Tulijuana siku niliponunua kwake na kumsahihisha sentensi, naye akanijibu kwamba omena haijali sarufi. Tangu hapo tukawa marafiki. Aliyachukua magunia yangu kwenye ofisi ya basi, akayapanga pamoja na yake, akavuka nayo kichwani. Kila kilichotoka Kilifi kilinifikia kikinuka ziwa. Iliki ilinuka omena. Kitenge changu cha krismasi kilinuka omena, nikakivaa hivyo hivyo kanisani na paka wakanisindikiza.

Sitajifanya mnyenyekevu katika kinachofuata. Nilijenga. Nilijenga kwa mshahara wa chaki, upande wa kuelekea Kiyeyi, kwenye kiwanja nilichokodishwa kwa mkataba, kwa sababu mgeni hapa hamiliki ardhi bali hukodishwa kwa miaka mingi kuliko atakayoishi. Nilichota maji ya kuchanganyia zege mwenyewe. Fundi alipotaka kunipunguzia nondo nilimfundisha umoja na wingi wa nondo papo hapo, mpaka zikatosha. Vyumba viwili, jiko la nje, na baraza ya saruji inayotazama shamba la mihogo la jirani. Siku bati la mwisho lilipogongwa nilisimama uani nikalia bila kuficha, mafundi wakaona haya kwa niaba yangu.

Nikampigia mama.

"Mama, nimetoka kwenye mzigo."

Aliniuliza maswali kama hakimu. Mlango unafunguka ndani au nje? Jiko liko upande gani wa upepo? Nani jirani? Alipofika kwenye ardhi, nikamwambia ukweli kuhusu mkataba.

"Kumbe bado mpangaji."

"Mama, mkataba ukiisha nitakuwa mifupa."

Akacheka kidogo. Kisha akasema maneno niliyoyasubiri tangu nilipoondoka. Angenitumia mbuzi. Angeishona mwenyewe kwenye gunia, pamoja na nazi mbili za mnazi wa nyuma ya nyumba. Lakini aliweka sharti lake, na sauti yake ilipoliweka haikuwa na mzaha.

"Naituma mara moja tu. Ikirudi, nitajua imekataa kukaa huko. Itabaki hapa mpaka nami niondoke, na mwenyewe usiniulize tena."

Nilimwambia haitarudi. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyejenga nyumba.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nikifua simu ilipolia. Alikuwa mama wa omena, na nyuma yake nilisikia kelele za watu.

"Mwalimu, kuja haraka. Wamenishika hapa na mbuzi yako."

"Akina nani wamekushika?"

"Hawa wa forodha, upande wa Uganda. Kwa risiti ya basi imeandikwa mbuzi, sasa wanauliza mbuzi iko wapi." Akashusha sauti. "Mwalimu, nakuambia ukweli. Mimi nimeibeba kwa kichwa kutoka stage na haijalia hata mara moja. Nafikiria imekufa."

Niliacha nguo kwenye beseni. Njia nzima ya kutoka Tororo hadi Busia nilikuwa nikihesabu hasira zangu: kwa karani wa basi, kwa forodha, kwa mama aliyeweka masharti utadhani ni serikali. Chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu hiyo nilikuwa nikiijua vizuri. Ingerudishwa, na mama angeipokea bila kuniambia neno, na asingeniuliza tena kuhusu nyumba yangu.

Niliwakuta kando ya meza ya ukaguzi. Gunia lilikuwa sakafuni, limeshonwa kwa uzi wa bluu wa mama, na watu wote walikuwa wamesimama mbali nalo. Nilipokaribia nikaelewa. Lilikuwa limelala kibandani kwa mama wa omena, pamoja na samaki wake, na lilinuka kwa heshima zote kama kitu kilichokufa juzi.

Afisa alikuwa kijana mpole mwenye macho ya usingizi, na mimi ningependa awe mkali ili nipate pa kuanzia.

"Madam, hii mbuzi ni yako?"

"Ni yangu."

"Iko na karatasi ya dakitari wa wanyama?"

"Haihitaji. Si mnyama."

Akaniangalia, akaiangalia risiti. "Hapa wameandika mbuzi moja."

Nikaona mlango umefunguka. Mimi ni mwalimu, jamani, na sarufi ndiyo silaha yangu. Nikanyoosha kidole juu ya risiti.

"Soma vizuri. Wameandika mbuzi *moja*. Angekuwa mnyama wangeandika mbuzi *mmoja*. Mwenye roho ni mmoja, kitu ni moja. Karani wa kwetu ameshaeleza kila kitu kwa herufi moja!"

Afisa alifikiri kwa dhati. Akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni, wengi wao wafanyabiashara wa upande huu na ule.

"Nyinyi nasema namna gani? Mbuzi moja ama mbuzi mmoja?"

"Mbuzi moja!" foleni ikajibu, na mtu akaongeza, "Na ng'ombe moja, na mtu moja!"

"Unaona, madam," afisa akasema, bila ubaya wowote. "Huku kwetu kila kitu ni moja."

Nilikuwa nimepigwa kwenye uwanja wangu mwenyewe. Mama wa omena aliangalia pembeni, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko. Kijana yule akaeleza, kwa upole uleule, kwamba mnyama bila karatasi, awe mzima au mfu, hurudi alikotoka. Basi la kwenda pwani lilikuwa likiondoka jioni. Gunia lingerudishwa upande wa Kenya lipande basi hilo.

"Lifungue," nikasema.

"Usifungue hapa!" akaruka nyuma.

Lakini mama wa omena alishatoa kisu chake cha samaki, nami nikaukata uzi wa mama. Iliniuma kuukata, maana nilitaka kuufungua nyumbani, taratibu. Nikaitoa mbuzi mbele ya watu wote, nikaikunjua juu ya sakafu ya forodha. Mbao ilikuwa na mng'ao uleule.

Afisa akaisogelea, akainama.

"Hii ni kiti."

"Hii ndiyo mbuzi."

"Hapana, madam. Hii ni kiti. Sasa mbuzi iko wapi?"

Hapo ndipo niliposhindwa kabisa na maneno, mimi niliyelipwa kwa maneno. Mnyama mfu alikuwa na utaratibu wake, lakini mnyama aliyegeuka kiti hakuwa nao, na nikaona kwenye uso wake kwamba ameanza kunishuku. Akauliza mimi ni wa wapi. Nikafungua mdomo kusema Kilifi, kwa kuwa ndivyo nilivyojibu siku zote, na ndivyo kitambulisho changu kilivyosema.

"Wa kwetu," sauti ikasema kutoka kwenye foleni.

Alikuwa mwanamke wa Petta, wilayani kwetu Tororo, aliyebeba kuku kwenye tenga. Nilimkumbuka kutoka siku za wazazi shuleni. Hakusoma hata darasa moja la Kiswahili, na binti yake alikuwa akiniletea insha nzuri kuliko wote.

"Huyo ni mwalimu yetu," akamwambia afisa. "Amejenga huko njia ya Kiyeyi. Mimi najua nyumba yake. Akisema kiti ni mbuzi, ni mbuzi."

Mwalimu yetu. Nimelikata kosa hilo kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watoto wa Tororo tangu siku ya kwanza. Mwalimu wetu, watoto, wetu, wetu. Siku hiyo sikulisahihisha. Kama angelisema tena ningemshukuru.

Kisha nikakaa. Sikumwomba afisa ruhusa. Nilikusanya sketi yangu, nikaikalia mbuzi ubavu kama alivyokuwa akiikalia bibi, nikaivunja nazi moja kwa mgongo wa kisu cha omena, maji yakamwagika kwenye viatu vyangu. Mama wa omena akasafisha beseni lake na kulisukuma chini ya ulimi wa chuma. Nikaanza kukuna. Mwanzoni nilikuna kwa hasira, halafu mikono ikakumbuka mwendo wake yenyewe, ikatulia. Nazi ikaanza kudondoka, nyeupe. Foleni ilikuwa imevunjika, watu wamenizunguka duara, na dereva mmoja wa lori akasema kwa sauti, "Banange, kweli inakula!"

Wakacheka wote. Afisa akachukua kidogo kwa ncha za vidole, akaonja, akaonja tena.

"Kwa nini mnaita mbuzi?"

"Kwa sababu ina meno na haishibi."

Hilo nililibuni papo hapo, na mpaka leo sijui kama ni kweli. Akaandika jambo fupi nyuma ya risiti, akaigonga mhuri, akanirudishia.

"Kale, haya, madam. Pita na mbuzi yako. Lakini isikule mihogo ya watu."

Nilirudi Tororo nimeipakata kwenye taksi. Kondakta alitaka niiweke nyuma na mizigo mingine. Nikamwambia hii si mzigo, na kwa mara ya kwanza katika nchi hii hakuna aliyebishana nami kuhusu neno hilo.

Jioni ile nilipika wali wa nazi na kunde, kwenye jiko langu la nje, kwa tui la mnazi wa nyuma ya nyumba ya mama. Nilimwita aliyekuwa mwenye nyumba wangu, yule wa wimbi, akaja na kalo, ugali wa wimbi, kwenye kikapu, maana hakuamini wali unaweza kumshibisha mtu mzima. Mama wa omena alivuka makusudi. Jirani wa mihogo akaja na mkewe. Walikula, wakauliza kwa nini wali una harufu ya mbali ya mukene, tukacheka tusieleze. Yule wa wimbi alizunguka nyumba nzima, akagonga kuta kwa kiganja, chumba baada ya chumba, kama alivyougonga ukuta wake siku ile.

"Madam," akasema, "umetoka muzigo."

Walipoondoka nilibaki uani. Nazi ya pili nilikuwa nimeianza, nikitaka kumwekea jirani tui la asubuhi. Simu ikalia nikiwa juu ya mbuzi, kifuu mkononi, nikaishika kwa bega na sikio.

"Mzigo umefika?" mama akauliza, bila salamu.

"Umefika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haikukataa?"

Nikafikiria meza ya forodha, na basi la jioni ambalo saa hiyo lilikuwa barabarani kuelekea kwake bila gunia lolote langu. Ningemsimulia kesho, na angecheka mpaka akohoe.

"Haikukataa. Watu wa huku wameitolea ushahidi."

Akanyamaza. Safari hii sikuogopa.

"Nasikia unakuna."

"Nakuna."

"Uko juu yake sasa hivi?"

"Niko juu yake, mama."

Nikamsikia akivuta pumzi, kule Kilifi, katika jiko ambalo sasa halikuwa na mbuzi.

"Basi kaa, mwanangu," akasema. "Kaa."